Ziwa la Mlimani au Mto Unaopita? Namna ya Kuchagua Mradi wa Umeme wa Maji

Chukua ndoo ya lita 20, ijaze maji, ipandishe mlimani hadi mita 1,000 juu ya mtambo, kisha uyaachie maji yashuke ndani ya bomba. Mashine nzuri, inayopoteza sehemu moja tu katika kumi, itakupa umeme wa kuwasha taa ya wati 10 kwa saa tano hivi. Ndoo hiyohiyo ukiimwaga kutoka mita 100, taa itawaka nusu saa tu. Wingi wa maji ukizidishwa kwa urefu wa poromoko ndiyo hesabu yenyewe ya umeme wa maji, na ndiyo sababu wahandisi huipenda milima kuliko mabonde mapana.

Lakini kuna jambo moja ambalo ndoo haisemi, nalo ndilo linaloamua kama mradi utalipa au utabaki deni: unaimwaga saa ngapi, na mwezi gani?

Swali hilo halimo kwenye mabango ya miradi. Bango huandika megawati, likaweka na picha ya ukuta mweupe na ziwa la samawati lililozungukwa na vilele. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetakiwa kutoa kauli juu ya mradi wa namna hiyo, awe mjumbe wa kamati, mwekezaji, mwanafunzi, au mwenye shamba lililoangukia ndani ya mstari mwekundu wa ramani. Kwa kawaida huonyeshwa njia mbili. Ya kwanza ni kuziba bonde huko juu na kuweka ziwa la kutunza maji ya msimu mzima. Ya pili ni kujenga banio mtoni, kuyachepusha maji kwenye handaki au bomba, kuyashusha hadi kwenye mtambo na kuyarudisha mtoni bila kuyalaza. Ipo na ya tatu, ya mabwawa mawili yanayobadilishana maji, ambayo nitaigusa kwa ufupi baadaye kwa sababu yenyewe haizalishi umeme mpya.

Megawati zilezile, umeme tofauti

Tuseme mto ni mmoja na miradi inayougombea ni miwili, yote ya megawati 100. Miezi minne ya mvua mto unatosha kuzungusha mashine zote. Miezi minane iliyobaki unapungua hadi robo, yaani megawati 25.

Mtambo usio na ziwa unaufuata mto ulivyo. Utafua 100 wakati wa mvua na 25 wakati wa kiangazi. Wastani wa mwaka ni 50, sawa na uniti milioni 438 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja). Mtambo wenye ziwa la kutosha kulaza maji ya mvua hadi kiangazi utafua karibu uniti hizohizo, pungufu kidogo kwa yale yanayopotea kwa mvuke, kwa kuwa maji ni yaleyale. Tofauti ni kwamba wenye ziwa unaweza kuahidi megawati 50 kila siku ya mwaka, au 100 kwa nusu ya kila siku, na usio na ziwa hauwezi kuahidi zaidi ya 25. Anayenunua umeme hununua ahadi. Hospitali haiwezi kuambiwa iahirishe upasuaji mpaka masika.

Megawati 25 zinazopungua kwa miezi minane ni uniti milioni 146 kila mwaka. Ziandike kando. Hizo ndizo uniti ambazo ziwa linaziokoa, na thamani yake ni gharama ya kile ambacho kingewashwa badala yake. Kama ni jenereta za dizeli, ziwa lina thamani kubwa sana. Kama ni kitu cha bei nafuu, thamani ya ziwa inashuka hata kama ukuta umejengwa vizuri kiasi gani. Nitairudia hesabu hii, maana ndiyo iliyobadilika zaidi katika miaka ya karibuni.

Ziwa pia halifai kupimwa kwa mtambo wake peke yake. Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwenye mto Tana nchini Kenya, lina mtambo wa megawati 40 tu. Chini yake zimepangana Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na Gitaru peke yake ina megawati 225. Anayeitazama Masinga kwa megawati zake atasema ni hasara. Anayeitazama kama ghala la mitambo minne iliyo chini yake ataelewa kwa nini ilijengwa. Mtera nchini Tanzania nayo iliwekwa juu ya Kidatu kwa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo ukiletewa mchoro wa ziwa, uliza kwanza chini yake kuna mitambo mingapi itakayotumia maji hayohayo. Jibu likiwa ni mmoja tu, ziwa hilo lina mzigo mkubwa wa kujitetea.

Riba kuliko saruji

Umeme wa maji hauna bili ya mafuta. Karibu gharama yote hutolewa kabla taa ya kwanza haijawaka, kwa hiyo bei ya uniti huamuliwa na riba kuliko kitu kingine chochote. Kwa kila 100 ulizokopa kwa miaka 30, riba ya asilimia 4 inakutaka ulipe takriban 5.8 kila mwaka; riba ya asilimia 8 inataka takriban 8.9. Mto ni uleule, ukuta ni uleule, na umeme umepanda bei kwa nusu nzima.

Kisha kuna kuchelewa. Pesa zilizokwisha kutumika zikikaa miaka mitatu bila umeme kuuzwa, kwa riba hiyo ya asilimia 8, deni linakua kwa zaidi ya robo. Na kuchelewa si ajali ya nadra. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchunguzi wa mabwawa makubwa 245 ya sehemu mbalimbali za dunia: kwa wastani gharama halisi ilizidi makadirio kwa asilimia 96, na muda wa ujenzi ukazidi kwa asilimia 44. Mimi nachukulia takwimu hiyo kama kipimo cha lazima. Ukipewa makadirio ya bwawa kubwa, yazidishe mara mbili, kisha uangalie kama mradi bado unasimama. Usiposimama, umeshapata jibu.

Mtambo wa mto unaopita nao huchelewa, hasa handaki linapokutana na mwamba uliovunjikavunjika au maji yaliyojificha ndani ya mlima. Lakini mkopo wake ni mdogo, na mara nyingi unaweza kujengwa kwa awamu, mashine ya kwanza ikaanza kulipa deni la ya pili. Kwa nchi au halmashauri yenye mfuko mwembamba, hiyo ni tofauti kati ya kupumua na kukabwa.

Haki ya bwawa kubwa nayo niitaje: deni likishaisha, ukuta mzuri unaendelea kusimama miongo mingi zaidi, na umeme wake unakuwa miongoni mwa umeme wa bei ya chini kabisa katika gridi. Wajukuu hunufaika. Tatizo ni kwamba wanaolipa deni na wanaohamishwa ni babu zao.

Kinachozama na kinachokauka

Simama juu ya ukuta wa ziwa la mlimani mwishoni mwa kiangazi. Picha ya bango haipo. Maji yameshuka makumi ya mita, na kuzunguka ziwa lote kuna ukanda mtupu wa rangi ya kijivu, hauna nyasi wala kichaka, kwa sababu hakuna mmea unaostahimili kuzamishwa nusu mwaka na kukaushwa nusu mwaka. Visiki vya miti iliyozama vinachomoza kwenye tope lililopasuka vipandevipande kama sahani. Njia ya zamani ya kijiji inaonekana ikishuka mtelemkoni, ikaingia majini, ikaishia hapo. Ukanda huo ni sehemu ya ziwa kila mwaka, wala hauonyeshi kwamba mtambo umeharibika. Ndiyo kazi ya ghala kujaa na kutolewa. Anayeahidi hoteli za kitalii ufukweni aulizwe wageni watakuja mwezi gani.

Hata hivyo maziwa hayalingani kwa ardhi yanayokula, na hapa ndipo mlima unapolipa. Grande Dixence ya Uswisi, iliyokamilika miaka ya mwanzo ya 1960, ina ukuta wa mita 285 na ziwa la mita za ujazo milioni 400 lililobanwa kwenye bonde jembamba. Maji yanayoshushwa kutoka huko hadi mtambo wa Bieudron yanaporomoka mita 1,883, hivyo kila mita moja ya ujazo hutoa zaidi ya uniti nne. Kariba, kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, ina ukuta wa mita 128. Maji hayawezi kushuka zaidi ya hapo, na mita moja ya ujazo haifikishi hata theluthi ya uniti. Ili kupata umeme uleule, Kariba inahitaji maji zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana ziwa lake lina urefu wa kilomita zipatazo 280, na ndiyo maana Watonga wapatao 57,000 walihamishwa ili kupisha ziwa hilo. Tume ya Dunia ya Mabwawa, katika ripoti yake ya mwaka 2000, ilikadiria kwamba mabwawa yamewahamisha watu kati ya milioni 40 na 80 duniani kote. Bonde la juu lenye kuta za mwamba na poromoko refu chini yake ni kitu kimoja. Bonde pana lenye mashamba ni kitu kingine, hata kama miradi yote miwili inaitwa bwawa.

Mlima una hatari yake pia. Tarehe 9 Oktoba 1963, huko Vajont kaskazini mwa Italia, ubavu wa mlima Toc wenye mita za ujazo zaidi ya milioni 260 uliteleza ukaingia ziwani. Maji yakaruka juu ya ukuta na kuangukia mji wa Longarone na vijiji jirani, watu wapatao 2,000 wakafa. Ukuta wenyewe, wa mita 262, ulibaki umesimama na umesimama hadi leo. Wahandisi walikuwa wameuona mlima ukisogea kabla ya siku hiyo. Uchunguzi wa miamba ya kingo za ziwa usikubali upunguzwe ili kuokoa bajeti. Ukuta imara hausaidii kama mlima wenyewe unaingia majini.

Sasa usije ukadhani mto unaopita hauna doa. Doa lake liko kwenye kile kipande cha mto kati ya banio na mtambo, ambako maji yamehamia ndani ya bomba. Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, ni mtambo wa megawati 180 wenye bwawa dogo na poromoko la takriban mita 850. Kwa ardhi iliyozama, ni mradi mzuri kuliko mingi ninayoijua. Lakini korongo lake lilikuwa na maporomoko yaliyorusha manyunyu mchana na usiku, na ndani ya manyunyu hayo aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, ambaye hakujulikana mahali pengine popote duniani. Aligunduliwa mwaka 1996, mradi ukiwa tayari unajengwa. Maji yalipochepushwa, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwenye korongo ambalo sasa lina mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga kile ambacho maporomoko yalikifanya bure.

Ninachojifunza Kihansi ni cha kibiashara kabisa: maji ya kuuachia mto yanapaswa kuhesabiwa kabla ya ukubwa wa mashine kuamuliwa. Yakija kudaiwa baadaye, kila lita inayoachiwa korongoni ni uniti inayotolewa kwenye mauzo ambayo benki ilishaahidiwa, na hapo mto na benki vinageuzwa maadui.

Kuhusu tope nitapita haraka. Ziwa hulikusanya: Tarbela ya Pakistan, iliyoanza kazi miaka ya 1970, imeshapoteza zaidi ya theluthi ya nafasi yake ya maji. Mto unaopita hulipitisha, lakini mchanga wake husaga mapanga ya mashine, kwa hiyo bila bwawa la kutulizia mchanga kila kiangazi kitakuwa cha kubadilisha vipuri. Katika njia zote mbili, miteremko yenye miti iliyo juu ya mradi ni sehemu ya mtambo, na matunzo yake yanastahili fungu kwenye bajeti.

Bwawa la nusu siku

Turudi kwenye uniti zetu milioni 146. Zamani chaguo lilikuwa ziwa au dizeli, na ziwa lilishinda. Leo kuna jua. Na katika sehemu nyingi za tropiki, miezi ambayo mto umekauka ndiyo miezi ambayo mbingu ni nyeupe.

Kiangazi mto unaleta maji ya megawati 25 mfululizo. Sasa yalaze mchana kutwa kwenye bwawa dogo juu ya bomba, paneli za sola zikibeba kazi. Jua likizama, fungua bomba: maji ya mchana na ya usiku yakishuka pamoja yanatoa megawati 50 kwa saa 12. Umepata ileile ahadi ya megawati 50, usiku na mchana, bila ziwa la msimu.

Angalia ukubwa. Kwa poromoko la mita 800, kulaza maji ya nusu siku kunataka takriban mita za ujazo 153,000, yaani bwawa la eneo la viwanja viwili vya mpira lenye kina cha mita kumi na ushei. Kulaza maji ya kufidia miezi minane kunataka takriban milioni 74. Ni karibu mara 500. Tofauti hiyo ndiyo kijiji, msitu, makaburi na miaka kumi ya mkopo.

Sola si bure. Kwa mahali penye jua zuri zitahitajika paneli za megawati 120 hivi, pamoja na ardhi ya kuziweka, na siku za mawingu mfululizo zitataka akiba nyingine. Pia mto wa chini utapanda kila jioni na kushuka kila asubuhi. Wanaovua, wanaofua na wanaovuka hapo ni lazima waonywe kwa king'ora na maji yafunguliwe polepole. Lakini paneli zinaweza kuhamishwa, na ziwa haliwezi.

Hesabu hii inageuka kabisa kwenye nchi za baridi. Huko Alps mto hukauka wakati wa majira ya baridi, theluji ikiwa imeganda juu, siku ni fupi na jua ni hafifu, na ndipo watu wanapohitaji joto zaidi. Jua halifidii kitu. Grande Dixence hujaa kufikia Septemba kutokana na barafu iliyoyeyuka, kisha hutolewa polepole hadi Aprili. Kwa mahali pa namna hiyo, ziwa la msimu halina mshindani wa maana.

Mabwawa mawili

Njia ya tatu ina bwawa moja juu na jingine chini. Umeme ukiwa mwingi na wa bei ya chini, maji yanasukumwa juu, ukiadimika, yanashushwa. Ingula ya Afrika Kusini, megawati 1,332, iliyokamilika mwaka 2017, hufanya hivyo kwenye safu ya Drakensberg. Dinorwig ya Wales, iliyofunguliwa mwaka 1984 ndani ya mlima uliochimbwa mawe, inaweza kuingiza zaidi ya megawati 1,000 kwa sekunde chache kama mashine zake tayari zinazunguka.

Kwa kila uniti 100 unazotumia kusukuma, unarudishiwa kati ya 70 na 80. Kwa hiyo kama umeme wa kununua hauko chini ya robo tatu ya bei ya kuuza, mtambo huo unakula mtaji wake. Unaifaa gridi yenye ziada ya kweli, ya sola, upepo au nyuklia. Palipo na mgao wa umeme usiku na mchana hakuna cha kusukumia. Anayekuletea mradi huo hapo amekosea mlango.

Ningechagua hivi

Kama kiangazi chenu kina jua na mto haukauki kabisa, ningeanza na mtambo wa mto unaopita wenye bwawa la nusu siku na sola kando yake, na ningeukataa mchoro wowote ambao hautaji lita ngapi kwa sekunde zinabaki mtoni. Kama tayari kuna ziwa juu, hata la zamani la kumwagilia, ningejenga mitambo chini yake kabla ya kuziba bonde jipya.

Ziwa kubwa ningelikubali pale ambapo mambo matatu yamekutana: bonde jembamba lisilo na wakazi wengi, poromoko refu au mitambo kadhaa chini yake, na msimu mkavu ambao jua haliwezi kuubeba. Likikosekana moja, ningetaka maelezo. Yakikosekana mawili, ningesema hapana hata kama mkopo ni wa riba nafuu.

Na vyovyote iwavyo, ziwa halileti maji, linatunza yaliyokuja. Mwishoni mwa mwaka 2022 maji ya kufulia umeme ya Kariba yalishuka chini ya asilimia 5, Zambia na Zimbabwe zikaingia kwenye mgao mkali, na ziwa hilo ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani kwa ujazo kati ya yale yaliyotengenezwa na watu. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, dai vipimo vya mto vya miaka 30, vya mwezi kwa mwezi. Mwenye mradi akileta wastani wa mwaka peke yake, mrudishie karatasi zake, na umwombe aanze na ile miaka mitatu iliyokuwa mikavu kuliko yote.